Yafaa Nini Dawa, Ikiwa Mgonjwa Twamtenga?

Nataka kutoa maoni yangu katika gazeti letu juu ya jambo ambalo naona latupasa kulifikiri sote, wakubwa kwa wadogo, kabla hatujafunga shule.

Katika toleo la muhula uliopita mwandishi mmoja alisema kwamba somo la kemia ni mzigo wa bure kwa wengi wetu. Aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kupunguziwa bei ya sukari dukani kwa sababu ajua uzito wa atomu. Wengi tulicheka, na mimi nilicheka pia. Leo nataka kumjibu. Lakini kabla ya kumjibu yeye sina budi kukiri kosa langu mwenyewe, maana mambo haya mawili yameshikamana.

Wasomaji watakumbuka kwamba muhula huu watu wa damu salama walifika shuleni petu. Wenzetu waliotimiza miaka kumi na minane walijitolea damu, wakapewa soda na biskuti, na sisi wadogo tukawaonea wivu. Damu ile haiendi moja kwa moja kwa mgonjwa. Hupimwa kwanza kama ina virusi vya UKIMWI, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C. Majuma machache baadaye kaka mmoja wa Kidato cha Sita, wa bweni letu, aliitwa akaambiwa kwamba damu yake imeonekana kuwa na virusi vya homa ya ini B. Hakuwa na dalili yoyote. Jioni iliyotangulia alikuwa amecheza mpira dakika zote tisini, tena akafunga bao.

Kaka yule alimwambia rafiki yake mmoja tu. Lakini bwenini hakuna siri ya watu wawili. Ilipofika Jumamosi, aliyekuwa akilala kitanda cha juu yake alikuwa amekwisha kuhamisha godoro. Katika bwalo watu walimwachia benchi zima. Mtu mmoja, ambaye mpaka leo hajajitokeza, alichora alama kwa rangi nyekundu juu ya kikombe chake ili kisichanganyike na vya wengine.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nikiazima ndoo yake kila asubuhi, naye hakuninyima hata siku moja. Tangu siku ile sikuiazima tena. Nikaondoa kikombe changu katika rafu tuliyokuwa tukitumia pamoja. Sikumtukana wala sikumcheka. Nilihama kimya kimya, na sasa najua kwamba kimya changu kilimwuma kuliko maneno ya wale waliomsema waziwazi, maana yeye aliniona kuwa mdogo wake.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Jumamosi ile ile, sisi tuliokiogopa kikombe chake tulipanga mstari nyuma ya bweni kunyolewa vichwa. Tulikuwa sita na wembe ulikuwa mmoja. Kila aliyemaliza aliufuta wembe kwa kipande cha gazeti, akampa anayefuata. Hakuna aliyeona hatari yoyote.

Habari zilimfikia mwalimu wetu wa kemia. Nilidhani atatukaripia, lakini hakufanya hivyo. Aliingia darasani, akachukua chaki, akaandika ubaoni jina ambalo hatujapata kulisikia: Antonín Holý. Kisha akasema, "Leo tutasoma habari za mtu huyu, halafu mtaniambia kama mnastahili kazi aliyoifanya." Yale aliyotufundisha, pamoja na niliyosoma mwenyewe baadaye, ndiyo nitakayoyaeleza hapa. Masomo ya sayansi twayasoma kwa Kiingereza, basi nitajaribu kuyaeleza kwa Kiswahili kadiri niwezavyo.

Antonín Holý alizaliwa mwaka 1936 mjini Prague, katika nchi ya Chekoslovakia ya wakati ule, ambayo sasa imegawanyika kuwa Ucheki na Slovakia. Alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Charles mjini humo, na mwaka 1960 akaingia katika Taasisi ya Kemia Ogania na Baiokemia, yaani taasisi ya serikali ya kuchunguza kemia ya kaboni na ya viumbe hai. Nchi yake ilikuwa chini ya utawala wa kikomunisti, na mwaka 1968 majeshi ya Muungano wa Kisovieti na washirika wake yaliingia Prague kwa vifaru. Wasomi wengi walikimbilia nchi za Magharibi. Holý alibaki katika maabara yake.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitu vinavyofanana na vipande vya DNA, lakini visivyo sawasawa navyo. Watu walio nje ya kazi hiyo wangeweza kumwuliza swali lile lile la sukari dukani. Je, hayo yatamsaidia nani?

Mwaka 1976, katika mkutano wa wanasayansi huko Göttingen, Ujerumani, alikutana na daktari wa Kibelgiji, Erik De Clercq, aliyekuwa akichunguza virusi katika Chuo Kikuu cha Leuven. Holý alijua kutengeneza vitu, lakini hakuwa na njia nzuri ya kuvijaribu juu ya virusi. De Clercq alikuwa na virusi na maabara ya kuvijaribia, lakini alihitaji vitu vya kujaribu. Wakapatana. Holý akawa atengeneza Prague na kupeleka Leuven, na De Clercq ajaribu na kurudisha majibu. Kumbukeni kwamba siku zile Ulaya ilikuwa imegawanyika pande mbili zilizoelekezeana silaha, na mabwana hawa wawili walikuwa kila mmoja upande wake. Lakini vichupa vya unga vilivuka mpaka. Mwaka 1978 walitangaza kitu chao cha kwanza kilichozuia virusi vya namna nyingi. Mwaka 1986 wakatangaza cha pili, chenye nguvu zaidi, na hicho ndicho kilichofungua mlango.

Hapa ndipo kemia yetu ya ubaoni inapoingia, na namwomba yule mwandishi wa muhula uliopita asiruke aya hizi.

Virusi haviwezi kuzaa vyenyewe. Huingia ndani ya seli ya mtu na kunakili maandishi yao ya urithi humo, kipande baada ya kipande, kama fundi aungaye mnyororo wa baiskeli pingili kwa pingili. Kila pingili ina mahali pawili: mbele pa kushika iliyotangulia, na nyuma pa kushikwa na inayofuata. Sasa, fundi akipewa pingili ya bandia, ambayo mbele yashika vizuri lakini nyuma haina pa kushikia, atafanya nini? Ataiunga bila kujua, na mnyororo utakoma hapo hapo. Dawa nyingi za virusi hufanya kazi kwa hila hii.

Lakini kuna taabu. Mwili hauikubali pingili mpaka iwe imevalishwa makundi matatu ya fosfati, yaani fosforasi pamoja na oksijeni. Pingili ya bandia ikiingia bila fosfati, seli huchelewa sana kuivalisha lile kundi la kwanza, na mara nyingine haiivalishi kabisa. Na mwanakemia akiivalisha mwenyewe kabla ya kuitoa, vimeng'enya vya mwili huikata fosfati ile njiani, kwa sababu imeshikiliwa kwa kifungo cha oksijeni, na kifungo hicho vimeng'enya hujua kukikata.

Holý alifanya nini? Aliishikiza fosforasi moja kwa moja juu ya atomu ya kaboni. Mahali palipokuwa na kifungo cha fosforasi na oksijeni akaweka kifungo cha fosforasi na kaboni. Vimeng'enya havina mkasi wa kukata kifungo hicho. Kundi la kwanza likadumu, seli ikaongeza mawili yaliyobaki, na pingili ya bandia ikawa tayari. Na badala ya ile sukari yenye umbo la duara iliyo katika DNA, akaweka mnyororo mfupi ulio wazi, usio na mahali pa kushikia pingili inayofuata.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimekariri kwamba kaboni ina mikono minne ya kuunga, nikaandika katika mtihani nikapata alama, nikasahau. Sikujua kwamba juu ya jambo hilo hilo dogo, kubadili atomu moja, maisha ya mamilioni ya watu yangesimama.

Kutokana na ugunduzi huo zilitoka dawa tatu. Ya kwanza ni sidofoviri, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa ajili ya virusi vilivyokuwa vikiwapofusha macho wagonjwa wa UKIMWI. Ya pili ni adefoviri. Hii ilijaribiwa kwanza juu ya VVU, lakini kwa kipimo kikubwa ilidhuru figo, na mwaka 1999 jaribio hilo likaachwa. Wangeweza kuitupa. Badala yake waliijaribu kwa kipimo kidogo juu ya homa ya ini B, na mwaka 2002 ikaidhinishwa kwa ugonjwa huo.

Ya tatu ndiyo tenofoviri, iliyotangazwa mwaka 1993. Ukiichora karatasini kando ya adefoviri utaona kwamba tofauti yao ni kundi moja tu la kaboni moja na hidrojeni tatu. Lakini tenofoviri peke yake haikupita vizuri tumboni kuingia katika damu, kwa kuwa ina chaji za umeme. Wanakemia wa kampuni ya Gilead ya Marekani, ambako John Martin alikuwa mkuu wa kazi hiyo, waliivika vazi la kuficha chaji hizo, na mwili huvua vazi hilo baada ya dawa kuingia. Hivyo sindano ikageuka kidonge. Mwaka 2001 kidonge hicho kiliidhinishwa kwa VVU, na mwaka 2008 kwa homa ya ini B. Chaweza kutibu vyote viwili kwa sababu virusi hivyo, ijapokuwa si ndugu wa karibu, vyote hutumia kimeng'enya cha kunakili RNA kuwa DNA, na kimeng'enya hicho hudanganyika kwa pingili ile ile.

Hesabuni miaka. Tangu mkutano wa Göttingen mpaka kidonge cha VVU ni miaka 25. Mpaka kidonge hicho kuidhinishwa kwa homa ya ini B ni miaka 32. Sisi twalalamika jaribio la maabara likichukua vipindi viwili bila rangi kubadilika! Holý alifariki mjini Prague tarehe 16 Julai 2012. Siku ile ile, huko Marekani, dawa yenye tenofoviri ndani yake iliidhinishwa kuwakinga watu wasioambukizwa ili wasipate VVU.

Leo tenofoviri iko hapa kwetu. Ni mojawapo ya dawa tatu zilizo ndani ya kidonge kimoja ambacho wagonjwa wengi wa VVU wa Tanzania humeza kila siku. Pengine iko katika kabati la nyumba ya msomaji wa makala hii, na mwenye kuimeza hamjui Holý wala hahitaji kumjua. Amepata uzima, yatosha.

Mwalimu alipomaliza alirudia swali lake: je, mnastahili kazi hii? Hakuna aliyejibu. Kaka yetu hakuwapo, kwa sababu darasa lake ni jingine, lakini naamini kila mmoja wetu alikiona kile kikombe chenye alama nyekundu.

Sasa natoa maoni yangu.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2024 kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini B ya kudumu. Katika kila watu 100 wa namna hiyo, 13 tu walikuwa wamepimwa na kujulikana, na 3 tu walikuwa wakipata dawa. Mwaka huo homa za ini za virusi ziliua watu milioni 1.3, na wengi wao, zaidi ya wanane katika kila kumi, waliuawa na B. Wakati huo huo tenofoviri, ambayo sasa yaweza kutengenezwa na viwanda vingi, yaweza kununuliwa na nchi kwa dola 2.4 za Marekani kwa mwezi kwa mgonjwa mmoja. Nchi nyingi zilizotoa hesabu zao zilikuwa zikilipa zaidi ya hapo.

Basi ugumu hauko kwa mwanakemia tena. Yeye amekwisha kufanya kazi yake. Ugumu uko njiani, kutoka kidonge mpaka kinywa, na katika njia hiyo mna serikali, mna wauzaji, na tumo na sisi wa bweni. Mtu akiona jinsi mwenzake aliyepimwa alivyotengewa kikombe, atakwenda kupimwa yeye? Hata kidogo! Atajificha. Na virusi hivi hupenda sana mtu anayejificha, maana vyaweza kukaa katika ini miaka ishirini au thelathini bila kelele, kisha vikaleta kovu la ini au saratani. Mwanakemia alikata mnyororo wa virusi, na sisi kwa woga wetu twauunga upya.

Wengine watasema, "Lakini ugonjwa huambukiza, lazima tujilinde." Ni kweli, lakini tujilinde na kitu chenyewe. Homa ya ini B haiambukizwi kwa kula sahani moja, wala kwa kikombe, wala ndoo, wala kushikana mikono, wala kukohoa. Huambukizwa kwa damu na kwa kujamiiana, na mama kumpa mtoto wakati wa kuzaa. Nje ya mwili virusi hivi vyaweza kuishi siku saba au zaidi. Maana yake ni kwamba doa la damu lisiloonekana juu ya wembe wa Jumamosi laweza kumngoja wa Jumamosi ijayo. Tuliogopa kikombe kisicho na hatia, tukaupa shingo wembe. Tena tusichanganye ugonjwa huu na homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa na huletwa na mbu.

Wengine wamesema maneno mabaya juu ya mwenendo wa kaka yetu. Hao nao hawajui wasemalo. Mtoto mchanga akiambukizwa, karibu watoto 95 katika 100 hubaki na virusi hivyo maisha yao. Mtu mzima akiambukizwa, ni chini ya 5 katika 100. Kwa hiyo wengi wenye ugonjwa huu wa kudumu waliupata utotoni. Sisi wa rika hili tumezaliwa baada ya chanjo kuanza kutolewa kwa watoto nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wengi tulichanjwa tangu juma la sita. Lakini virusi vya siku ya kuzaliwa havingoji juma la sita. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lataka mtoto apate chanjo ya kwanza katika saa 24 za kwanza. Mwaka 2022, katika nchi za Afrika zilizo chini ya kanda ya shirika hilo, ni watoto 18 tu katika kila 100 walioipata kwa wakati huo.

Wengine tena watasema, "Ugunduzi ni kazi ya mataifa tajiri. Sisi tusome tupate vyeti tu." Hao nawajibu kwamba Chekoslovakia haikuwa Marekani. Lakini nasema kweli yote: haikuwa nchi isiyo na kitu pia. Ilikuwa na taasisi ya serikali yenye wanakemia hodari, ikawaacha wafanye kazi miaka mingi bila kudai faida ya kesho yake. Na faida ilipokuja ilikuwa kubwa, kwa kuwa taasisi ile ilipata fungu lake katika mauzo ya dawa hizo, na fedha hizo zimejenga na kuendesha maabara zake. Basi tusijidanganye kwamba bidii ya mwanafunzi peke yake yatosha. Yatupasa kuiomba serikali yetu vilevile. Katika maabara yetu hapa shuleni wanafunzi wanane hugombea buretti moja. Mtu hajifunzi useremala kwa kumtazama mwenziwe akipiga randa.

Na kazi ingaliko. Tenofoviri hufunga mdomo wa virusi vya homa ya ini B, lakini kwa kawaida haivitoi vyote. Huacha maandishi yao yamefichwa ndani ya kiini cha seli, na kwa hiyo wagonjwa wengi huimeza miaka mingi chini ya uangalizi wa daktari, ambaye huzipima figo zao pia. Homa ya ini C imekuwa na bahati zaidi: tangu mwaka 2013 kuna sofosbuviri, pingili nyingine ya bandia, ambayo ikitolewa pamoja na dawa nyingine huwaponya kabisa walio wengi kwa majuma kama kumi na mawili. B bado yangoja dawa ya namna hiyo. Sisemi kwamba ataigundua mtu wa bweni letu. Nasema tu kwamba ataigundua mtu ambaye hakuliacha somo la kemia katika Kidato cha Nne.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu, nami naomba Baraza la Wanafunzi liyajadili.

La kwanza, kila mwanafunzi awe na wembe wake na mswaki wake, na vinyozi wetu wa Jumamosi wasinyoe vichwa viwili kwa wembe mmoja. Wembe ni bei ndogo kuliko andazi, hatuna udhuru.

La pili, uongozi wa shule uombe kituo cha afya kilicho karibu kije kutupima homa ya ini B sote watakaopenda, na kila mmoja apewe jibu lake faraghani. Asiye na virusi wala kinga aelekezwe kwenye chanjo. Mwenye virusi aelekezwe kwa daktari. Kaka yetu alipokwenda hospitali alielezwa kwamba si kila mwenye virusi huanza dawa siku ile ile. Hupimwa kwanza ini lake na wingi wa virusi katika damu. Yeye sasa ana tarehe yake ya kurudi, na amerudi kucheza namba tisa.

La tatu, yule aliyechora alama juu ya kikombe aifute yeye mwenyewe. Hatutaki kumjua. Akifute usiku kama alivyokichora usiku.

Mimi nimefanya langu. Nilikwenda kwa kaka jioni moja baada ya maandalio, nikamwomba radhi. Sikujua niseme nini, nikajikuta naeleza habari za fosforasi na kaboni kama mtu anayejibu mtihani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ndoo iko pale pale, mdogo wangu. Usinirudishie tupu." Makala hii ameisoma yeye kwanza kabla ya Mhariri, akaniruhusu kuitoa, na jina lake akaomba lisitajwe.

Juma hili twajaza fomu za kuchagua masomo ya Kidato cha Tano. Baba yangu mdogo ameniandikia nichague masomo ya biashara, ambayo nayo ni masomo mema, na huenda asifurahi. Nimeandika fizikia, kemia na baiolojia. Na kwa yule mwandishi wa muhula uliopita nasema hivi: ni kweli, ndugu yangu, uzito wa atomu haujampunguzia mtu bei ya sukari. Lakini kaka yetu, siku daktari atakaposema wakati wa dawa umefika, atameza kidonge kilichoanzia katika hesabu hizo hizo. Wakati huo sisi tutakuwa tumeketi naye meza moja, au tutakuwa tumehama tena?

Hilo kila mtu ajijibu mwenyewe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne